Maji ya Ndunda Hupwa Saa Ngapi?

Kwa watu wenye magoti kama yetu, kutoka Mombasa hadi Manyatta ya Embu hakuna njia nyingine ya maana: treni ya asubuhi kutoka Miritini hadi Syokimau, kulala Nairobi kwa binti yetu, kisha kuamkia steji ya Tea Room na kupanda matatu ya Embu. Vijana hukesha kwenye basi, wakateremka alfajiri wakiwa wamekunjamana kama nguo za kufua, na kabla jua halijapanda wako nyumbani wanakunywa uji. Sisi mambo hayo tuliyaacha zamani. Mume wangu ametimiza miaka sabini, nami namfuata kwa karibu kuliko ninavyopenda kusema.

Safari hii ya Desemba 2024 tulikuwa watatu. Wa tatu ni mjukuu wetu wa Gredi ya 4, kifungua mimba wa mwanetu wa kiume. Kwa desturi ya Waembu mtoto kama huyo hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo yeye na babu yake huitana wajina. Mimi, kwa utani ulioruhusiwa na pande zote mbili, za Taita nilikozaliwa na za Embu nilikoolewa, ni mke wa wote wawili. Mume mkubwa hubeba mabegi, mume mdogo hukaa dirishani, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Mtoto huyu amezaliwa Changamwe na amelelewa Changamwe. Bahari anaijua. Jumapili babake humpeleka ufuo wa Pirates kuogelea, na anajua kwamba maji yakipwa mpira huchezwa mchangani, yakijaa kila mtu anakusanya viatu vyake. Mto ni kitu alichokiona kupitia dirisha la treni, pale Tsavo, kwa muda wa kupepesa jicho. Babu yake alikuwa amemwahidi mto wa kusimama ukautazama, na si mto wowote, bali ule wa kwao, penye maporomoko ya Ndunda, ambako yeye mwenyewe utotoni alichapwa kwa kwenda bila ruhusa. Siku hizi watu hulipa kiingilio kwenda pale. Jambo hilo lilikuwa limemchekesha mume wangu tangu alipolisikia kwa mdogo wake kwa simu, na alilirudia treni nzima.

Baada ya Thika na Kenol, pale Makutano unaiacha barabara ya Sagana upande wa kushoto na kuingia Mwea. Unajua umefika kwa sababu dunia inalala chali. Mashamba ya mpunga yamenyooka hadi macho yachoke, mifereji inang'aa katikati yake, na kwingine mpunga uliovunwa umeanikwa juu ya maturubai kando ya lami. Wang'uru wanawake wanakimbilia madirisha ya matatu na mifuko ya pishori, na abiria wanabishana bei huku dereva akipiga honi. Nilinunua, bila shaka. Mtu anayepita Mwea bila kununua mchele ataulizwa afikapo.

Mume wangu haipendi Mwea kwa moyo wote. Anakula mchele wake, lakini hasahau kwamba mifereji ya kwanza ilichimbwa katika miaka ya hali ya hatari, miaka ya 1950, na mikono iliyoichimba ilikuwa ya watu waliofungwa kwa ajili ya Mau Mau. Alimweleza wajina wake haya kwa ufupi, bila kupandisha sauti. Mtoto alisikiliza, kisha akauliza lililomshughulisha yeye: maji yote haya yanatoka wapi?

"Thiba na Nyamindi," babu akasema. "Mito ya mlimani. Jirani za mto wetu."

"Na mlima uko wapi?"

Babu akaonyesha kaskazini. Palikuwa na wingu.

Embu ni mji unaopanda. Ukitoka kwenye tambarare ya Mwea unaanza kuvuka mabonde, unavuka daraja la Rupingazi, na mji unakupokea kwa kilima. Hadi mwaka 2013 hapa ndipo palipokuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, mkoa uliofika hadi mpaka wa Ethiopia, na bado mji una ile hali ya karani mzee aliyestaafu: barabara zenye kivuli na majengo ya ofisi yaliyo makubwa kuliko shughuli zake. Hoteli yake kongwe inaitwa Izaak Walton, jina la Mwingereza wa karne ya 17 aliyeandika kitabu kuhusu uvuvi wa ndoana. Walowezi walikuja hapa kuvua trauti, samaki waliyemleta wenyewe kutoka kwao na kumwachilia katika mito ya Mlima Kenya. Nimepita mbele ya bango lile tangu niolewe, na kila mara nashangaa mtu kusafirisha samaki hadi Afrika ili apate mchezo wa kumtafuta.

Stendi ya Embu, manamba mmoja alipotusikia tunazungumza alitutambua mara moja. "Hawa wametoka Mombasa!" akatangaza. "Nyinyi ndio mlikataza muguka yetu!"

Watu wakacheka, nasi tukacheka. Mei ya mwaka huohuo serikali ya kaunti ya Mombasa ilikuwa imepiga marufuku muguka, majani yale ya kutafuna, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, na Mahakama Kuu ya hapahapa Embu ikasimamisha utekelezaji wa marufuku. Kwa hiyo nikajikuta nina kesi mara mbili, ya Mombasa ninakoishi na ya Taita nilikozaliwa, na shahidi wangu ni mume aliyezaliwa upande wa walalamikaji. Mume wangu akamjibu kwa Kiembu, maneno ambayo hadi leo hajanitafsiria, na yule kijana akatubebea mizigo bila kuomba kitu. Nina maoni yangu kuhusu muguka. Nimefundisha shule miaka mingi na nimeona vijana wanaokesha nayo, lakini pia nimeona nyumba za Mbeere zilizoezekwa mabati kwa pesa yake. Stendi si mahali pa kuyasema yote hayo.

Nyumbani kwa shemeji yangu ni juu ya Kigari, palipo na chuo cha walimu na misheni ya Kianglikana iliyoanza mwaka 1910. Ni nchi ya migongo. Kila mgongo una barabara juu, nyumba kandokando yake, mashamba yanayoteremka pande mbili, na chini kabisa mto. Ukisema "nakwenda kwa jirani" unaweza kumaanisha nyumba inayoonekana, unayoweza hata kumwita mwenyewe akakusikia, lakini kuifikia ni nusu saa ya kuteremka na nusu saa ya kupanda. Ndiyo maana watu wa hapa wana miguu ya mbuzi. Chini ya mgongo ni kahawa na ndizi na makadamia, juu ni chai, na juu ya chai ni msitu.

Kulipopambazuka mjukuu wangu alikuja kuniamsha. Mlima ulikuwa umetoka. Hata mimi niliyeuona mara nyingi nilisimama uani na shuka mabegani: vilele vyeusi vyenye meno, na weupe kidogo sana katikati. Barafu iliyokuwapo nilipokuja hapa bibi harusi haipo tena, vimebaki viraka. Mtoto alikuwa ameambiwa shuleni kwamba mito inatoka kwenye theluji ya mlima, akaona theluji yenyewe haitoshi hata kujaza karai. Babu yake akamsahihisha mwalimu, mimi nikiwa nasikia: mto haukai kwenye barafu, unakaa msituni. Mvua ikinyesha juu, msitu unaimeza, ardhi inaishika, kisha inaitoa kidogokidogo mwaka mzima. Ukikata msitu, mvua itanyesha vilevile, lakini mto utakuwa wa siku mbili.

Tulikodi Probox ya jirani. Desemba ni wakati wa kahawa, na barabara ilikuwa imejaa watu wanaopeleka buni kiwandani: magunia juu ya bodaboda, magunia juu ya punda, na bibi mmoja wa umri wangu aliyebeba lake mgongoni, mkanda ukipita kwenye paji la uso kama walivyobeba mama zake. Nilitaka dereva asimame tumpakie. Dereva akasema tukimpakia tutamtukana, kwani kiwanda kiko kona inayofuata. Kweli kilikuwa pale. Harufu ya kiwanda cha kahawa wakati wa kumenya si ya kahawa hata kidogo. Ni harufu ya tunda lililochacha, na mume mdogo aliziba pua hadi tulipovuka bonde.

Ndunda ni maporomoko na pia ni kambi. Vikundi vya makanisa na shule huleta vijana hapa kwa michezo ya kamba na mafunzo, na siku tuliyofika kulikuwa na vijana wamevaa fulana za rangi moja wakiimba kwa makofi, wengine wakisubiri zamu ya kuning'inizwa hewani. Mume wangu alilipa kiingilio kwa simu, kisha akabaki akiitazama ile simu.

"Nimelipa," akasema, "kuingia nilikochapwa nisiingie."

"Wangekutoza wakati ule, usingechapwa," nikamwambia.

Kijana wa kutuongoza alitangulia. Njia inateremka kwa ngazi na vijia, udongo mwekundu ulioshikamana, mizizi imejitokeza. Huu udongo ni mzuri kwa chai na mbaya kwa wazee. Tuliteremka kwa utaratibu wetu: mimi nimemshika mume mkubwa bega, yeye ana fimbo, mtoto anakimbia mbele hadi kona, anarudi kutuangalia kama bado tupo, anakimbia tena. Amepita njia ile mara tatu, sisi tumepita mara moja. Ubaridi ulianza kabla ya sauti. Halafu sauti. Kwanza unadhani ni upepo kwenye mikaratusi, kisha unagundua kwamba upepo huwa na kituo, na huu haukomi.

Siwezi kudai kwamba Ndunda ni ya kushindana. Maporomoko ya Thomson kule Nyahururu yana kimo cha mita 74 na watu huyatazama kwa mbali, wakiwa wamesimama juu kama wanaangalia filamu. Ndunda unayakaribia. Maji yanakuja meupe juu ya jabali jeusi, yanavunjika, yanajikusanya chini, na rasharasha inakufuata ulipo hadi miwani ishindwe kazi. Mawe yamevaa kuvu, majani yamening'inia, na pembeni, mahali ambapo maji yametulia, kuna mtu amepanda nduma. Hilo lilinifurahisha kuliko yote. Mkulima wa hapa haachi unyevu upite bure.

Mjukuu wangu alisimama kimya. Kwa mtoto yule, kimya ni habari. Alitazama juu, akatazama chini, akazunguka jiwe, akatazama tena. Kisha akamvuta babu yake mkono na kuuliza kwa sauti ya kushindana na maji:

"Wajina, haya maji hupwa saa ngapi?"

Kijana wa kutuongoza hakuelewa. Mtoto wa bara hakui na neno hilo mdomoni, akadhani ameulizwa saa ya kufunga, akajibu kwa adabu kwamba wanafunga jioni. Mimi nilicheka hadi nikakaa chini. Ilibidi nimweleze yule kijana: kwetu pwani maji hujaa na hupwa, mara mbili kwa siku, na kila mtoto anajua kuuliza. Huyu amesimama hapa anasubiri yapungue ili aone kilicho chini.

Babu yake hakucheka. Alikaa juu ya jiwe kwa uangalifu, akanyoosha mguu wake mbaya, akasema, "Hupwa. Lakini si kwa saa."

Akamwonyesha alama juu ya jabali, mahali ambapo rangi ya mwamba hubadilika. Alipokuwa mdogo, alisema, mwezi wa Agosti maji yalifika pale, na Agosti ni mwezi wa ukungu usio na mvua ya maana. Siku hizi Agosti hupungua zaidi, na Februari ndiyo mbaya. Watu wameongezeka, mashamba yameteremka hadi kwenye ukingo, kila mgongo umeweka mipira ya kuvuta maji, na kwa miaka mingi kila mtu alipanda mikaratusi mtoni kwa sababu hukua upesi na nguzo zake zina soko. Mkaratusi hunywa. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza ikatwe kandokando ya mito na chemchemi. Shemeji yangu alikata yake akinung'unika. Jirani yake hakukata, na hadi leo hawajamaliza mazungumzo hayo.

Mimi niliyakumbuka ya 2009 kwa upande mwingine. Ukame ulikuwa mkali, mtambo wa Masinga ukazimwa kwa kukosa maji, na nchi nzima ikawekwa kwenye mgao wa umeme. Mume wangu alikuwa bado fundi kwenye mitambo ya Kipevu, inayozalisha umeme kwa mafuta, na mafuta ndiyo yaliyobaki kutegemewa. Nilikuwa naandaa masomo kwa taa ya chemli, naye anarudi usiku wa manane akinuka dizeli. Sikujua wakati ule kwamba giza la nyumba yetu Changamwe lilikuwa na jamaa huku juu, kwenye mto wa kwao.

Kwani mambo yako hivi, na babu alimchorea wajina wake kwa fimbo kwenye mchanga. Maji yakitoka hapa hushuka na Rupingazi, yakapita ubavuni mwa mji wa Embu. Rupingazi huingia Thiba. Thiba huingia bwawa la Kamburu, na pale ndipo yanapokutana na Tana. Masinga, bwawa kubwa kuliko yote, liko juu zaidi, kwa hiyo maji ya Ndunda hayalijui. Lakini Kamburu yanapita, na Gitaru yanapita, na Kindaruma, na Kiambere. Mabwawa manne, na kila moja linayafanyisha kazi ileile upya.

"Yanalipwa mara ngapi?" mtoto akauliza. Huyu atakuwa mfanyabiashara.

Tukakaa hapo muda mrefu. Kile kikundi cha vijana kilifika, kikapiga picha, kikaondoka. Nilivua viatu nikatia miguu mahali pa kina kifupi ambapo kijana wa kutuongoza aliruhusu. Baridi yake haina mfano, inapanda hadi kwenye meno. Mume mdogo, bingwa wa Pirates, alitia vidole vya mguu, akavitoa, akatangaza kwamba haogelei. Akaonja maji kwa kidole na kushangaa kwamba hayana chumvi, ingawa alijua hayatakuwa nayo. Nadhani alitaka tu kuhakikisha.

Pale ndipo mume wangu alipoeleza kwa nini alichapwa. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuisikia yote. Alizaliwa wakati wa hali ya hatari, watu walipohamishwa kutoka mashambani na kurundikwa katika vijiji vilivyozungushiwa ulinzi. Mama yake alikuwa miongoni mwa waliolazimishwa kuchimba ule mtaro mrefu uliopita pembezoni mwa msitu wa Mlima Kenya, uliokusudiwa kuwatenga wapiganaji wa Mau Mau na chakula. Kwa mama yule, mto haukuwa mahali pa kucheza. Mto ulikuwa mpaka. Aliyeonekana akishuka mtoni wakati usio wa kuteka maji aliulizwa anampelekea nani chakula. Hali ya hatari ikaisha mwaka 1960, Uhuru ukaja, lakini mama hakuwahi kuamini kwamba mto umefunguliwa. Mwanawe alipokuwa na miaka tisa akarudi nyumbani amelowa, akampiga kwanza, akamkumbatia baadaye.

Mtoto alisikiliza. "Na mimi nina miaka tisa," akasema. Hakuna aliyeongeza neno, ila yule kijana wa kutuongoza, aliyekuwa amejiegemeza pembeni, alisema taratibu kwamba hata nyanya yake hakupenda watoto washuke mtoni, na hakuwahi kuwaambia sababu.

Kupanda kulikuwa kazi. Tulipumzika kila kona, na kwa kuwa mzee anayepumzika lazima awe na kisingizio, mume wangu alisimulia habari za Mwenendega, ambaye Waembu humtaja kuwa babu yao. Anavyoisimulia yeye, Mwenendega alimkuta mwanamke mzuri ajabu, Nthara, penye maji, peke yake, hana kwao panapojulikana. Akamwoa kwa sharti moja, kwamba asimtendee vibaya, maana hakuna wazazi wa kumlalamikia. Wakatajirika. Siku moja mume akalewa, akamvunjia heshima. Usiku huo mvua ikanyesha isiyokoma, boma lote likamezwa, na mahali pake pakabaki kichaka kitakatifu, karibu na Runyenjes, ambacho wazee wamekilinda kisikatwe. Kona ya kwanza walikutana, ya pili wakaoana, na mafuriko tuliyapata karibu na lango. Nilimwambia mume mdogo aishike vizuri hadithi hiyo, hasa sharti.

Mchana tulikula kwa shemeji mukimo wa viazi na majani ya maboga. Kwetu Taita tuna kimanga, ambacho kwa ladha yangu kinaushinda, na hilo nimelisema katika ukoo huu kwa miaka mingi bila kupata mtu wa kuniunga mkono. Safari hii mjukuu wangu aliomba mukimo mara ya pili. Nimeliweka moyoni.

Kurudi hatukupita Mwea. Mume wangu alitaka tushuke kwa barabara ya Kiritiri, inayokwenda Kangonde na kuungana na ile ya Garissa, ili wajina wake aone kwa macho kile kilichochorwa mchangani. Kwa muda mfupi unatoka kwenye chai na kuingia nchi nyingine kabisa: Mbeere, joto, migunga, mbuzi, pojo, muguka mashambani, na maembe yaliyoanza kuiva. Koti nililokuwa nimevaa asubuhi lilikuwa mapajani kabla hatujafika Kiritiri.

Na hapo ndipo nilipomwona mume wangu akiwa kijana. Mwaka 1976 alikuja huku kutafuta kibarua, wakati Gitaru inajengwa. Kindaruma ilikuwa imekwisha tangu 1968, Kamburu 1974, Gitaru ikamalizika 1978. Nyumba ya mitambo ya Gitaru iko chini ya ardhi, ndani ya mwamba, na yeye alikuwa mmoja wa wale waliobeba kifusi kukitoa. Pale alijifunza umeme kwa kuwatazama waliojua, na umeme ndio uliompeleka Kipevu, na Kipevu ndiko jirani na shule niliyofundisha. Gitaru ina uwezo wa megawati 225, na hakuna kituo cha maji nchini kinachoizidi. Mume wangu husema namba hiyo kama mtu anayetaja alama za mtihani za mwanawe.

Ziwa la Kamburu lilipotokea kati ya vilima, la buluu katikati ya nchi kavu, dereva alisimama. Mtoto aliangalia kwa muda.

"Haya ndiyo yale ya jana?"

"Ya jana bado yako njiani," babu akasema. "Haya ni ya waliotangulia."

Miezi michache tu kabla, Aprili na Mei 2024, mabwawa haya yalikuwa yamefurika, maji yakamwagika, na chini huko Garissa watu wakahama nyumba. Mtoto alizikumbuka picha za televisheni, mashua zikipita palipokuwa barabara. Akahitimisha kwamba ule ulikuwa bamvua. Sikuona cha kumsahihisha.

Kangonde tulinunua maembe na kusubiri gari la Thika kwenye kivuli cha duka. Mume mdogo akarudi kwenye swali lake. Baada ya Kiambere, je? Nikamweleza mimi, kwa sababu ramani ya pwani ni yangu: Garissa, Hola, Garsen, kisha Kipini, Tana inapoingia baharini, karibu kilomita elfu moja tangu kuanza kwake. Nilifundisha pamoja na mwalimu Mpokomo wa huko. Alinieleza kwamba karibu na mdomo wa mto, bahari ikijaa husukuma mto urudi nyuma, maji matamu yakapanda na kunywesha mashamba ya mpunga, na bahari ikipwa mto nao huteremka. Miaka ya karibuni mto ukipungua ni maji ya chumvi yanayopanda badala yake, na vijiji kama Ozi vimepoteza mashamba kwa sababu hiyo.

"Kwa hiyo hupwa," akasema, akimgeukia babu yake kwa ushindi. "Mara mbili kwa siku. Kipini."

"Kipini, ndiyo," babu akakubali.

"Twende."

Mume wangu hajawahi kufika Kipini. Ameishi pwani zaidi ya miaka arobaini na hajawahi kuvuka Malindi. Alinitazama kama kwamba mimi ndiye niliyemnyima. Wakaanza kupanga hapohapo, wajina wawili wenye juisi ya maembe viwikoni: basi hadi Malindi, kulala, Garsen, Witu, Kipini, na likizo ya Aprili ndiyo ya karibu. Nikawaambia Aprili ni masika, na barabara ile ya Lamu mwisho wa 2023 ilikatwa na maji pale Lango la Simba, watu wakavushwa kwa mashua. Labda Agosti. Babu akatoa kalamu na kuanza kupiga hesabu ya nauli nyuma ya risiti ya Ndunda.